Bega Likikataa Kuinuka

Huenda katika kikundi chenu yuko mama ambaye mkono wake haupandi tena. Hawezi kuchana nywele wala kujitwika maji, na usiku maumivu hayamwachi alale. Wengine watasema ni baridi, wengine watasema amerogwa. Lakini mara nyingi ni bega lililoganda: utando unaozunguka kiungo cha bega huvimba, kisha hukaza. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na hasa wenye ugonjwa wa sukari.

Kwanza bega huuma, halafu hukakamaa, mwisho hulegea pole pole. Yaweza kuchukua mwaka 1 hadi 3. Wengi hupona bila kupasuliwa. Basi tulinganishe njia zilizopo.

Vidonge hupunguza maumivu, lakini havilegezi bega. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo aulize daktari kwanza.

Sindano ya steroidi, inayodungwa kwenye kiungo, hutuliza maumivu vizuri hasa ugonjwa ukiwa bado mchanga. Nguvu yake hupungua baada ya miezi michache. Mwenye sukari ajue kwamba sukari yaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Mazoezi hayana gharama, na ndiyo hurudisha mwendo wa mkono. Inama ukishika meza kwa mkono mzima, acha ule mgonjwa uning'inie, uuzungushe taratibu. Maumivu yakipungua, tembeza vidole ukutani kwenda juu. Fanya hivyo kila siku, kidogo kidogo.

Kuchuliwa taratibu kwaweza kumpa mtu nafuu. Lakini kuvutwa mkono kwa nguvu mpaka upige kelele ni kuongeza taabu. Kuufunga mkono kutwa nzima nako huukaza zaidi.

Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliofuata wagonjwa 503. Sindano pamoja na mazoezi ya kuongozwa vililinganishwa na upasuaji, na pia na kunyoshwa bega mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Baada ya mwaka, hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa kiasi kikubwa.

Kwa hivyo tunashauri hivi: maumivu yakizidi, muulize daktari habari ya sindano, lakini usiache mazoezi. Pimwa sukari pia. Kama uliumia kwa kuanguka, au una homa na bega limevimba, nenda hospitali upesi.

Nanyi wanakikundi, msimwite mwenzenu mvivu. Mchotieni maji, na mkumbusheni mazoezi yake.