Saa 8 usiku kompyuta ikiwa imezimwa

BUJUMBURA. Mtaani Mutakura, kaskazini mwa jiji, kompyuta ya duka la kuchapa barua inayotumia Linux inaweza kuonekana nzima huku ikiwa imekaa miezi bila masasisho. Vivuli vya vyeti na barua za wateja vimo humo.

Fundi huandika skripti, yaani maagizo ya kusasisha programu, na kuiachia cron iyaendeshe kila saa 8 usiku. Umeme ukikatika, au mwenye duka akizima mashine jioni, saa hiyo hupita na cron hailipi deni. Anacron ndiyo inayofaa hapa: hufanya kazi iliyokosa zamu mara mashine inapowashwa.

Jambo la pili ni umri. Ubuntu, jina ambalo kwa Kirundi ni utu na ukarimu, huyapa matoleo yake ya muda mrefu masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Kwa toleo la 20.04, muda huo uliisha Mei 2025. Skripti huendelea kuamka kila siku, ila hurudi mikono mitupu.

Mwaka 2017, WannaCry ilishambulia kompyuta za Windows miezi 2 baada ya kinga kutolewa. Waliochelewa ndio walioumia.

Kwa hiyo ratiba nayo ina mlinzi wake: mtu anayefungua kumbukumbu za mashine kila mwezi na kusoma tarehe ya sasisho la mwisho.