Kutoka Neem hadi Mwarobaini: Uandaaji wa Zana ya Kutafuta Hataza kwa Maneno Msingi

Makala haya yanafafanua namna zana ya programu inavyoweza kuandaliwa ili itafute hataza kwa maneno msingi, kwa kutumia mfano wa mti wa mwarobaini. Mti huo umeteuliwa kwa kuwa historia yake katika ofisi za hataza inafahamika vyema. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya (EPO) iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza namba EP 0436257, iliyohusu matumizi ya mafuta ya mwarobaini katika kudhibiti kuvu wa mimea. Pingamizi liliwasilishwa mwaka 1995, hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupiliwa mbali mwaka 2005. Wanaotaka kupinga hataza mbele ya EPO wana miezi 9 tu tangu kutangazwa kwa utoaji wake. Kwa hiyo anayeichelewa taarifa huwa ameipoteza njia hiyo, hata kama ushahidi wake ni mzito.

Mtafiti anaweza kutafuta kwa mkono kupitia Espacenet, lakini ufuatiliaji wa mara kwa mara unahitaji programu. EPO ina huduma iitwayo Open Patent Services, kwa kifupi OPS, inayopokea maswali kutoka kwenye programu na kurejesha rekodi. Mtumiaji hujisajili, hupewa ufunguo na neno la siri, kisha programu yake huvibadilisha viwili hivyo kuwa tokeni inayodumu takriban dakika 20. Programu fupi ya Python inatosha kuomba tokeni, kutuma swali, kusoma majibu na kuyahifadhi katika jedwali. Kikwazo cha kuzingatiwa ni kwamba OPS hutoa rekodi zisizozidi 100 kwa ombi moja na 2,000 kwa swali moja. Swali pana hulazimika kugawanywa kwa vipindi vya tarehe za uchapishaji. Sehemu hii ya kazi humalizika kwa siku chache.

Kazi inayobaki ni ya kiisimu, na ndiyo inayoamua thamani ya zana nzima. Mwarobaini hauna jina moja. Kwa Kiingereza huitwa neem, na pia margosa. Kwa Kifaransa margousier. Kwa Kijerumani Niembaum. Kwa Kihispania nim. Jina la kisayansi ni Azadirachta indica, lakini maandishi ya zamani hutumia Melia azadirachta. Baadhi ya waombaji hawautaji mti kabisa, bali hutaja kemikali ya azadirachtin inayopatikana humo. Orodha yenye neno neem pekee itayaacha nje maombi ya namna hiyo. Kwa upande mwingine, neem ni umbo la kitenzi cha Kiholanzi chenye maana ya kuchukua, hivyo utafutaji katika matini kamili za lugha hiyo huweza kuleta rekodi zisizohusiana na mti wowote. Neno mwarobaini lenyewe linapaswa kuwemo orodhani, japo si busara kulitegemea: lugha za maandishi ya hataza huamuliwa na ofisi zinazopokea maombi, si na jamii zinazoutumia mti.

Kwa sababu hiyo, maneno msingi huunganishwa na misimbo ya uainishaji. Katika mfumo wa CPC, msimbo A01N 65/26 unahusu viuavisumbufu vitokanavyo na mimea ya jamii ya Meliaceae, na A61K 36/58 unahusu dawa zitokanazo na jamii hiyohiyo. Inashauriwa maswali mawili yatumwe kwa kila msimbo: moja lenye msimbo pamoja na maneno, jingine lenye msimbo peke yake. Rekodi zinazoonekana katika swali la pili bila kuonekana katika la kwanza husomwa kwa jicho la mtafiti, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha majina ambayo orodha imeyakosa. Orodha hukua hivyo, mzunguko baada ya mzunguko. Kuna pia suala la familia za hataza: uvumbuzi mmoja unaweza kuombewa ulinzi Marekani, Ulaya, na kupitia ARIPO ya Harare, ambako namba zake hutanguliwa na herufi AP. Programu isiyounganisha wanafamilia itahesabu uvumbuzi mmoja mara tatu. Kila swali lihifadhiwe kama lilivyoandikwa, pamoja na tarehe na idadi ya majibu, ili mtahini aweze kulirudia.

Hata baada ya marekebisho hayo, matokeo matupu hayathibitishi kwamba uvumbuzi ni mpya. Ibara ya 54 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya inahesabu kama maarifa yaliyotangulia kila kilichowekwa wazi kwa umma kwa maandishi, kwa maelezo ya mdomo, kwa matumizi au kwa njia nyingine yoyote. Katika shauri la mwarobaini, miongoni mwa ushahidi wa wapingaji yalikuwemo maelezo ya shahidi kutoka India kuhusu matumizi ya mafuta hayo mashambani kabla ya ombi kuwasilishwa. Utafutaji wa maneno katika hifadhidata ya hataza usingeyafikia maelezo hayo. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilikuwa finyu zaidi, kwani matumizi yaliyofanyika nje ya nchi hiyo hayakuhesabiwa iwapo hayakuwa yamechapishwa au kupewa hataza. Hivyo jedwali la zana linahitaji safu ya ziada isiyojazwa na programu, ambamo mtafiti anaandika matumizi aliyoelezwa na wakulima au waganga, mahali yalipofanyika, tangu lini, na kama yupo aliye tayari kuyatolea ushahidi kwa jina lake.