Je, Wajua? Uhai wa Plastiki Nyeupe Umo Usoni mwa Punje

Pitisha kiganja kwenye kiti cheupe cha plastiki kilichokaa juani kwa miaka, mara nyingi utabaki na unga mweupe mkononi. Husemwa kwamba jua limekila kiti. Jua lina mkono wake, lakini si peke yake. Ndani ya unga ule mna punje za madini zilizochanganywa na plastiki kiwandani, na zimebaki wazi kwa kuwa plastiki iliyozishika imekwisha. Hoja yangu ni kwamba punje zenyewe huweza kushiriki katika ulaji huo, na kinachoamua ni uso wake kuliko wingi wake.

Chukua dioksidi ya titani, rangi nyeupe ya viti na fremu za madirisha. Hutengenezwa kwa ilmenaiti na rutili, madini yaliyochimbwa katika mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024. Punje moja ya rangi hiyo ina kipenyo cha karibu robo ya mikromita. Kwa udogo huo, gramu 1 ina uso wa mita za mraba zipatazo 6, hivyo gramu 30 tu zina uso unaozidi uwanja wa mpira wa wavu. Kote huko madini na plastiki hugusana. Mionzi ya urujuanimno ikiipiga punje, elektroni hung’oka na kuacha pengo. Vikifika usoni, hukutana na oksijeni na unyevu na kuzaa radikali, chembe kali zinazokata minyororo ya polima inayounda plastiki. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi elektrodi ya dioksidi hiyohiyo, ikimulikwa, ilivyosaidia kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Minyororo ya plastiki haiko salama jirani na uso wa namna hiyo.

Ushahidi mzito zaidi unatoka viwandani. Punje za rangi ya kutumika nje huvikwa ganda la silika na alumina, lenye unene wa nanomita chache, ili radikali zisizaliwe palipo na plastiki. Madini ni yaleyale, kiasi kilekile, jua lilelile, na bado plastiki yenye punje zilizovikwa hudumu zaidi. Hata mpangilio wa fuwele una neno: anatasi na rutili ni kemikali moja, ila anatasi ni kali zaidi kwa plastiki, ndiyo maana vitu vya nje hutiwa rutili.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusiyaache madini kabisa? Kwa sababu rutili hufyonza mionzi kabla haijazama, na uharibifu hubaki kwenye tabaka jembamba la juu. Polipropilini, aina moja ya plastiki, ikiwa tupu bila kinga yoyote, hupasuka upesi juani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: huenda titani ni kisa cha pekee, kwa kuwa huamshwa na mwanga. Talki, madini mengine, inajibu hilo. Hutiwa kwenye polipropilini ya dashibodi na bampa za magari, nayo huidhuru plastiki hata gizani, penye joto. Uso wake hunasa kemikali za kinga zilizowekwa ili kuzuia oksijeni, zikakosa kufanya kazi yake. Chembe za chuma zilizomo huvunja peroksidi na kuzaa radikali mpya. Dawa yake ni kutia resini kidogo ya epoksi, ambayo huwahi kukaa usoni mwa talki na kuziba sehemu hizo. Kama kosa lingekuwa la wingi wa madini, resini hiyo kidogo isingefua dafu.

Wapo pia watakaosema plastiki ioze haraka, tupumzike na taka. Naelewa uchungu wao, lakini mnyororo uliokatika si mnyororo ulioyeyuka. Plastiki hugeuka vipande vidogo vinavyoingia udongoni na baharini, na mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliamua kupiga marufuku plastiki zilizotiwa viungo vya kuharakisha kuvunjika huko. Tena plastiki iliyochakaa hivyo hata ikikusanywa ni hasara: minyororo imeshakuwa mifupi, na chombo kinachofinyangwa upya kwayo hupasuka kirahisi.