Umri wa Mifupa na Uteuzi wa Wanamichezo Vijana

Kila mwaka, michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA inapokaribia, walimu wa shule za Dodoma, zile za jirani na Chimwaga zikiwamo, huwapanga wanafunzi uwanjani ili kuteua timu. Mara nyingi aliye mrefu na mwenye nguvu ndiye achaguliwaye. Uteuzi huo huweza kupotosha, kwani watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja huweza kupishana kwa miaka kadhaa katika ukuaji wa miili yao. Aliyetangulia kubalehe hutegemea kifua chake asijifunze ustadi; aliyechelewa hujiona hana kipaji, akaacha mchezo kabla mwili wake haujasema neno.

Kwa wastani, wasichana hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wapatapo miaka 12 hivi, na wavulana wapatapo 14. Kurefuka huko hufanyika katika tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu. Tabaka hizo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na mazoezi mazito yasiyo na mapumziko huziumiza. Maumivu ya chini kidogo ya goti, ambayo baadhi ya wakufunzi huyaita uvivu, mara nyingi ni dalili ya jambo hilo. Balehe ikikamilika, gegedu hugeuka kuwa mfupa na kimo hukoma.

Elimu hiyo ndiyo iliyotumiwa na FIFA mwaka 2009, ilipoanza kupima vifundo vya mikono kwa mitambo ya sumaku katika Kombe la Dunia la wavulana wa chini ya miaka 17. Tanzania ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa suala la umri: mwaka 2005 Serengeti Boys iliondolewa katika fainali za Afrika kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri. Kipimo hicho hakiwafai wasichana, ambao gegedu zao hufunga mapema zaidi.

Kwa msichana hatari kubwa zaidi ni chakula kisichotosha. Akifanya mazoezi makali bila kula vya kutosha, hedhi yake huweza kukoma na mifupa yake ikapungua uimara, katika miaka ile ile ambayo ingepaswa kujiwekea akiba. Mkufunzi afurahiaye wepesi wake hajui anachokifurahia.

Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957, alipata medali ya fedha ya marathoni huko Brisbane mwaka 1982, akiwa na miaka 25. Aliposhinda New York mwaka 1989, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, alikuwa na miaka 32.