Uamsho wa dini uliochochea mageuzi ya kijamii nchini Marekani

Mwezi Septemba mwaka 1830, wakili wa zamani aliyegeuka kuwa mhubiri, Charles Grandison Finney, aliwasili katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Alikaa huko hadi mwezi Machi mwaka uliofuata, akihubiri takriban kila siku, na wenye maduka walifunga milango ili wakamsikilize.

Rochester ulikuwa mji mchanga, uliokua haraka baada ya kufunguliwa kwa mfereji wa Erie mwaka 1825. Mfereji huo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 580 uliwaletea watu wa huko biashara ya unga wa ngano, na pamoja nayo mabaharia, vibarua na vilabu vya pombe. Wakati huo halikuwa jambo la ajabu kwa mwajiri kuwapa wafanyakazi wake pombe kali kazini.

Mafundisho ya zamani ya Kikalvini yalishikilia kwamba Mungu alikwishawachagua watakaookolewa, na binadamu hana la kufanya ila kungoja. Finney alisema sivyo. Kila mtu, alisisitiza, anaweza kuchagua, tena leo. Aliweka benchi mbele ya kanisa kwa wale walioguswa na mahubiri, na akawaruhusu wanawake kuomba kwa sauti mbele ya wanaume, jambo lililowakera wachungaji wengi wa Mashariki.

Kutokana na fundisho hilo lilizuka swali zito: ikiwa dhambi ni hiari, kwa nini ulevi na utumwa vivumiliwe hata kwa siku moja? Chama cha Marekani cha kupiga vita ulevi kilikuwa kimeanzishwa mjini Boston mwaka 1826, na mwaka 1851 jimbo la Maine lilipiga marufuku uuzaji wa pombe.

Kuhusu utumwa, mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani Kaskazini nako kulifaidika. Pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na nguo yake ikauzwa hadi Zanzibar kwa jina la merikani. Hata hivyo, mwaka 1834 Theodore Weld, aliyeongoka kwa mahubiri ya Finney, aliongoza mjadala wa siku 18 juu ya utumwa katika seminari ya Lane mjini Cincinnati. Wakuu wa seminari walipopiga marufuku harakati hizo, wanafunzi wengi waliondoka. Baadhi yao walihamia Oberlin, jimboni Ohio, chuo ambacho mwaka 1835 kiliamua kuwapokea wanafunzi weusi. Finney mwenyewe alikwenda kufundisha huko. Lakini asichukuliwe kuwa mwanaharakati kamili: aliwanyima wamiliki wa watumwa ushirika wa meza ya Bwana, huku akikubali weusi na weupe waketi mbalimbali kanisani.

Kusini, uamsho haukuleta matokeo hayo. Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845, chanzo kikiwa utumwa. Watumwa nao walikuwa wakiisoma dini kwa macho yao wenyewe. Nat Turner, aliyeongoza uasi huko Virginia mwezi Agosti 1831, alikuwa mhubiri.

Waliojifunza kusema hadharani katika mikutano ya kupinga ulevi na utumwa hatimaye walidai haki zao wenyewe. Julai 1848, mkutano wa kwanza wa haki za wanawake nchini humo ulifanyika Seneca Falls, mashariki ya Rochester, katika kanisa la Wamethodisti waliojitenga kwa sababu ya utumwa. Wanawake 68 na wanaume 32 walitia saini tamko lake, akiwemo Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa. Mwandishi mkuu wa tamko hilo, Elizabeth Cady Stanton, alikuwa amemsikiliza Finney akiwa msichana. Mahubiri hayo, alisimulia baadaye, yalimtia hofu kubwa hata akaugua, na tangu hapo aliuepuka uamsho.