Grafu Haijichori Yenyewe: Kweli na Si Kweli Kuhusu Matplotlib

Fungua tasnifu ya uchumi, ripoti ya mvua au makala ya utafiti wa tiba, na huenda grafu utakazozikuta zimechorwa kwa Matplotlib, maktaba huria ya kuchorea iliyoandikwa kwa ajili ya lugha ya Python. Wanaoitumia ni wengi mno. Wanaojua jinsi inavyotengenezwa, inavyojaribiwa na inavyofungashwa ni wachache, ndiyo maana maneno yasiyo na msingi kuihusu yameenea. Tuyapime madai saba, moja baada ya jingine.

Dai la 1: Maktaba kama hii huanzishwa na kampuni kubwa au wahandisi wa kompyuta.

SI KWELI. Mwanzilishi wake, John D. Hunter, alikuwa mtafiti wa ubongo katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alikuwa akichunguza mawimbi ya umeme katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa, na maabara yao ilitegemea programu ya kulipia yenye leseni moja tu. Madaktari, wanafunzi na watafiti walilazimika kupokezana kifaa kidogo cha kuifungulia. Hunter alitaka uwezo wa kuchora uliokuwemo katika MATLAB, programu ya kulipia ya hesabu, ila ndani ya Python na bila kufuli. Toleo la kwanza likatoka mwaka 2003.

Hunter alifariki tarehe 28 Agosti 2012, na maktaba haikufa naye. Uongozi ulishikwa na Michael Droettboom, baadaye Thomas Caswell, na kazi ikaendelea mikononi mwa wachangiaji wa nchi nyingi. Programu iliyozaliwa na haja ya mtafiti mmoja iliweza kumzidi umri kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuuendeleza.

Dai la 2: Kwa kuwa ni ya bure, haina mwenyewe wala sheria.

SI KWELI. Matplotlib ina leseni inayofuata mfano wa leseni ya Python. Unaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na hata kuiweka ndani ya bidhaa unayouza, lakini ilani ya hakimiliki lazima ibaki. Shughuli zake za fedha husimamiwa chini ya NumFOCUS, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa mwaka 2012, ambalo Hunter mwenyewe alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 2019 mradi ulipata ruzuku ya shirika la hisani la Chan Zuckerberg Initiative.

Ruzuku kama hiyo ipo kwa sababu anayetumia halipi kitu, ila anayetengeneza analipa kwa muda wake. Kusoma ripoti za hitilafu, kukagua mabadiliko yaliyoletwa na wageni na kuandaa toleo jipya ni kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu waliojitolea.

Dai la 3: Programu ikikimbia bila kulalamika, grafu iliyotoka ni sahihi.

SI KWELI, na hili ndilo dai la hatari kuliko yote. Mhimili unaweza kusogea, lebo ikakatwa, mstari ukapita nyuma ya kivuli badala ya mbele, na kompyuta isitoe onyo lolote. Kwa kompyuta, mchoro mbovu ni faili halali kama mchoro mwema.

Ndiyo maana Matplotlib huhifadhi picha za rejea pamoja na msimbo wake. Jaribio huchora grafu upya, huihifadhi kwa miundo ya PNG, PDF na SVG, kisha hulinganisha kila moja na picha ya rejea. PDF hugeuzwa kwanza kuwa pikseli kwa programu ya Ghostscript, na SVG kwa Inkscape, ili vinavyolinganishwa viwe vya aina moja. Tofauti ikizidi kiwango kilichowekwa, jaribio linaanguka na picha ya tatu inahifadhiwa, ikionyesha mahali hasa palipotofautiana.

Hata hivyo, picha ya rejea ni lazima kwanza itazamwe na jicho la mtu. Ikiingizwa ikiwa na kosa, jaribio litalilinda kosa hilo kwa uaminifu ule ule ambao lingelinda ukweli. Kwa hiyo wasimamizi huwahimiza wachangiaji wapime namba pale inapowezekana. Ukitaka kujua kama alama za mhimili zipo mahali pake, uliza thamani zake moja kwa moja, usichore picha nzima kwa ajili hiyo. Jaribio la namba ni jepesi, na likianguka hukuambia kosa ni lipi.

Dai la 4: Msimbo uleule hutoa picha ileile kwenye kila kompyuta.

KWELI KIASI. Mistari na maumbo hufanana kwa kiwango kikubwa. Maandishi ndiyo yanayosumbua. Herufi huchorwa na maktaba nyingine iitwayo FreeType, na matoleo yake hutofautiana kidogo katika namna ya kujaza pikseli za pembeni mwa herufi. Jicho halioni, lakini kipimo kinaona, na majaribio yanaanguka bila kosa lolote la kweli.

Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni kulifunga toleo moja la FreeType, 2.6.1, na kulitumia katika majaribio yote. Majaribio mengine huondoa maandishi kabisa kabla ya kulinganisha, kwa kuwa kinachopimwa ni mistari. Anayejenga maktaba yake mwenyewe ya kuchora achukue funzo hapa: amua mapema nini unakipima, na kila kisichohusika kitoe njiani.

Dai la 5: Rangi ni pambo tu.

SI KWELI. Kwa miaka mingi chaguo la kawaida la ramani ya rangi katika Matplotlib lilikuwa mpangilio uitwao jet, unaotoka bluu hadi nyekundu kupitia kijani na njano. Tatizo lake ni kwamba mng'ao haupandi sawasawa. Mahali rangi inaporuka ghafla, macho huona mpaka ambao haumo katika data, na penye mabadiliko ya kweli macho yanaweza yasione kitu. Ukiuchapa kwa nyeusi na nyeupe, thamani ya juu na ya chini hukaribia kufanana.

Stéfan van der Walt na Nathaniel Smith walibuni viridis, mpangilio ambao mng'ao wake hupanda kwa hatua zinazolingana, husomeka ukichapwa bila rangi, na haumtupi mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani. Toleo la 2.0, lililotoka Januari 2017, lilifanya viridis kuwa chaguo la kawaida. Chaguo la kawaida lina uzito wa pekee kwa sababu watumiaji wengi hawalibadilishi kamwe. Aliyelichagua amewachagulia wote.

Dai la 6: Kitu kibaya kikigunduliwa, kifutwe mara moja.

SI KWELI. Kila jina la amri lililokwisha kutolewa linatumiwa na mtu fulani usiyemjua, katika programu ambayo huenda mwandishi wake ameshahama kazi. Utaratibu wa Matplotlib ni kutangaza kwanza. Amri inayoondolewa huanza kutoa onyo linaloeleza mbadala wake, na huachwa ifanye kazi kwa walau matoleo mawili kabla ya kufutwa.

Hata kuiaga Python 2 kulifuata subira hiyo. Toleo la 3.0 la Matplotlib, mwaka 2018, liliacha kuitumikia, lakini toleo la 2.2 liliendelea kutunzwa kwa ajili ya waliobaki nyuma. Na mtindo wa zamani wa grafu uliobadilishwa mwaka 2017 haukutupwa, bado unaweza kuuita kwa jina lake la "classic".

Dai la 7: Kufungasha ni kubana faili na kuzipakia kwenye intaneti.

SI KWELI. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini programu njema isiyosakinika haimfikii mtu. Matplotlib si Python tupu. Ndani yake mna msimbo wa C na C++, ikiwemo maktaba ya Agg inayolainisha kingo za mistari, na Qhull inayosaidia kugawanya eneo kuwa pembetatu. Msimbo huo lazima ugeuzwe kuwa lugha ya mashine, na lugha ya mashine ya Windows haikimbii kwenye macOS wala Linux.

Kwa hiyo kila toleo hutengenezewa vifurushi vingi: kimoja kwa kila toleo la Python linalotumikiwa, kwa kila mfumo endeshi na kwa kila aina ya prosesa. Vya Linux hujengwa makusudi juu ya mfumo mkongwe, ili vikubalike pia kwenye kompyuta ambazo hazijasasishwa. Pamoja navyo hutolewa kifurushi cha msimbo asilia kwa atakayejijengea mwenyewe. Tangu toleo la 3.9, mwaka 2024, kazi ya kujenga inafanywa kwa chombo kiitwacho Meson. Kabla ya toleo kamili, toleo la majaribio hutangulizwa ili watumiaji walijaribu kwenye kazi zao halisi.

Kuna mtego mmoja ambao kila mtengenezaji wa maktaba aujue. Majaribio yanaweza kufaulu yote ndani ya folda yako huku kifurushi ulichokitoa kimeacha fonti au faili ya mipangilio, kwa sababu katika folda yako faili hizo zipo siku zote. Sakinisha kifurushi chenyewe mahali pasipo na msimbo wako, kisha endesha majaribio hapo. Kikishindwa mikononi mwako, kimekuepushia aibu ya kushindwa mikononi mwa watu.

Hukumu

Watafiti wa Event Horizon Telescope, walioionyesha dunia picha ya kwanza ya shimo jeusi Aprili 2019, waliitumia maktaba hii katika kazi yao. Mwanafunzi anayechora bei za mahindi za msimu mmoja anatumia ileile. Wote wawili wanaweza kuiamini kwa sababu kuna watu wanaokagua picha kwa picha, wanaoonya kabla ya kufuta, na wanaojenga kifurushi kwa kila mashine.

Nawe una sehemu yako, hata kama hujawahi kuandika mstari wa C++. Andika katika ripoti yako toleo ulilotumia. Taja makala ya Hunter ya mwaka 2007 unapochapisha utafiti. Ukikuta hitilafu, iripoti pamoja na msimbo mfupi unaoionyesha, si maelezo matupu kwamba "haifanyi kazi". Ukikuta maelezo yasiyoeleweka, yaandike upya na uyatume. Maktaba huria hudumu kwa michango ya namna hiyo, na mchango huo uko ndani ya uwezo wako leo.