Amana iliyomo ndani ya chupa ya maji

Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba maji ya kujitwaharishia hutazamwa kwa sifa tatu: rangi yake, ladha yake na harufu yake. Nililelewa na somo hilo. Nilipomaliza chuo nikapata kazi ya muda ya msaidizi wa utafiti wa maji ya kunywa katika mikoa ya Geita na Shinyanga, nikadhani macho, ulimi na pua vingenitosha. Havikutosha. Nilikutana na maji maangavu, yasiyo na harufu, matamu kwa mwenye kiu, ambayo kwa udhu hayakuwa na shaka yoyote, lakini kwa kunywa maabara ilisema vingine.

Sababu imo ardhini. Miamba ya dhahabu ya ukanda wa Ziwa Viktoria ni ya kale mno, na mara nyingi dhahabu huambatana na madini ya salfa yenye sumu iitwayo aseniki. Miamba hiyo inapokutana na hewa na maji, aseniki huyeyuka kidogo kidogo na kuingia visimani, hata mahali pasipo na mgodi. Uchimbaji nao huweza kuongeza hatari, kwa kuwa hutoa juu na kusaga mawe yaliyokuwa yamefichika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wamechapisha taarifa zinazoonyesha kwamba baadhi ya visima vya ukanda huu vimevuka kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya maradhi ya ngozi na saratani. Upande wa Shinyanga kuna pia floridi, ambayo ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huweza kuyatia madoa meno ya watoto, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Vyote viwili havionekani kwa jicho.

Basi kazi yetu ilikuwa kupima kisichoonekana. Si kazi ya fahari. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, tumebeba sanduku la barafu na chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi. Kisimani, pampu husukumwa kwa dakika kadhaa ili maji yaliyolala bombani yatoke. Chupa husuuzwa mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho. Joto, kiwango cha asidi na wingi wa chumvi hupimwa papo hapo. Maji ya kupimia metali huchujwa kwa karatasi yenye vitundu vya mikromita 0.45, kisha hutiwa matone ya asidi ya naitriki ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Kila chupa huandikwa namba, tarehe na saa. Na katika kila safari hujazwa chupa moja ya maji yaliyokenekwa, iende maabara pamoja na nyingine. Ikionekana ina uchafu, basi uchafu umetoka mikononi mwetu. Hiyo ndiyo chupa inayotushuhudia sisi wenyewe.

Ndugu msomaji, jaribu la kazi hii huja adhuhuri, jua likiwa kali na kisima cha mwisho kikiwa mbali. Ni rahisi mno kujaza chupa mbili kutoka kisima kimoja na kuandika namba mbili. Msimamizi hayupo. Lakini kwa tarakimu ile kuna familia itakayoambiwa kunywa au kuacha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba amana si fedha peke yake.

Jaribu langu kubwa, hata hivyo, lilikuja kwa njia nyingine. Katika kijiji kimoja cha Geita tulipokewa na bibi mmoja mjane, kisima kikiwa uani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaketi kututazama hadi tulipomaliza.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "kisima hiki alikichimba marehemu babu yako kiwe sadaka yenye kuendelea. Jirani wote wanachota hapa. Mnaona nini ndani yake?"

"Majibu yataletwa, bibi," nikamjibu, kama nilivyoelekezwa.

Hayakuletwa. Miezi ikapita, mradi ukafika mwisho, na majibu yakaingia katika jedwali la ripoti. Bibi yule akawa namba. Nilipoitafuta namba yake nikaikuta juu ya kiwango. Nilikumbuka neno nililompa, na usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa nimeandika uongo wowote, lakini ukweli nilioukusanya kwake ulikuwa umekwenda kila mahali isipokuwa kwake.

Kwa idhini ya aliyesimamia kazi, nilipanda basi kwa nauli yangu nikampelekea karatasi. Nilimsomea polepole. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama bado anaweza kuyatumia kwa udhu na kufulia. Nikamwambia kwamba kwa kuosha hayana madhara ya kuhofiwa. Yasiyofaa ni kunywa na kupikia. "Basi ya kunywa tutachota kwingine," akasema. "Nia ya mume wangu ipo kwa Mola wake. Ungenificha, ningeendelea kuwanywesha watoto wa watu."

Walimwengu wamelipitia hili kabla yetu. Nchini Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya pampu vilichimbwa ili kuwaokoa watoto na maradhi ya kuhara yaliyotokana na maji ya madimbwi. Nia ilikuwa njema, lakini aseniki haikupimwa, na ilipothibitishwa mwaka 1993 watu wengi mno walikuwa wamekwisha kuinywa kwa miaka. Baadaye visima vilipimwa kimoja kimoja na pampu kupakwa rangi: kijani kwa salama, nyekundu kwa hatari. Hata asiyejua kusoma aliyapata majibu yake.

Nyumbani tukumbuke kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki wala floridi. Mvuke ukiondoka, vyenyewe hubaki sufuriani. Shabu ya kutuliza tope husafisha macho ya maji, nayo klorini huua vijidudu, lakini zote mbili si ruhusa ya kunywa maji ya kisima kisichopimwa. Aseniki huondolewa kwa njia maalumu, mojawapo ikiwa chumvi za chuma zinazoinasa na kutuama nayo. Palipofika bomba la maji ya Ziwa Viktoria, yanayosafishwa Ihelele wilayani Misungwi na kupelekwa Kahama na Shinyanga kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, familia iyatangulize hayo kwa kunywa.

Waislamu tunapenda kuchimba visima, hasa ikifika Ramadhani, na ni jambo jema. Anayetoa fedha za kisima atenge pia gharama ya kupima maji kabla ya pampu kukabidhiwa, na apime tena baadaye. Anayefikiwa na watafiti uani kwake aulize majibu yataletwa lini na nani. Na kijana wetu anayesoma kemia ajue kwamba kazi yake haimaliziki maabara. Inamalizika pale mwenye kisima anapoambiwa kilichomo ndani yake.